Vipande Mia na Ishirini

Kinyozi yule alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Wateja wake walisema hawaendi kwake kunyolewa, wanakwenda kusikiliza, na nywele zinakatwa humo humo. Kisa alikianzia kisogoni akakimalizia kwenye paji la uso, na ole wako uwe na upara, maana chako kingekuwa kifupi. Basi ugonjwa, ambao hauna adabu, ukaiacha miguu yake, ukaiacha mikono, ukamshika kooni. Madaktari hawakumficha: uhai wangeupigania, sauti wasingeweza kuahidi. Uhai ukabaki, sauti ikaenda.

Lakini haikwenda yote. Alikuwa na watoto wawili, na wote wawili kazi yao ilikuwa kuandika programu za mashine ndogo ndogo, zile zinazokaa ndani ya vitu bila mtu kujua kama zimo. Mkubwa, binti, aliitwa Fundi tangu ana miaka minane, siku alipoifungua redio ya nyumbani, akairudishia, na skrubu mbili zikabaki mkononi. Redio iliendelea kuimba na jina likamganda. Siku hizi aliandika programu za mita za maji. Mdogo wake wa kiume, waliyemwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga kizazi, aliandika za lifti, katika mji ulio mwendo wa siku nzima. Wiki mbili kabla ya baba yao kupasuliwa walimkalisha chumbani, wakafunga madirisha, wakamrekodi. Alisoma maneno mia tisa, moja moja, mpaka jasho likamtoka.

Sauti ile waliitia kwenye kisanduku kidogo cha kuning'iniza shingoni, chenye vitufe. Unachagua maneno, unabonyeza kitufe kikubwa, kisanduku kinasema. Kiswahili, kama tujuavyo, hakimhurumii mtu wa namna hii: neno kama "nitakuletea" limeshonwa kwa viraka vinne, na kila kiraka kimerekodiwa peke yake. Kwa hiyo maneno yalitoka kwa vituo, kama mtu anayepanda ngazi. Lakini sauti ilikuwa ya kinyozi mwenyewe, na siku ya kwanza alipoitumia, mkewe alikwenda uani akalia, akarudi akidai ni moshi.

Miezi minne baadaye mama huyo huyo alimpigia simu Fundi, na safari hii hakusingizia moshi. Alisema baba yao amemnunia. Sauti wamempa, sawa, lakini hamsemeshi. Akitaka maji anasema "Maji". Akitaka mlango ufungwe anasema "Mlango". Wateja wanamwamkia shikamoo na marahaba haitoki, anainua mkono tu kama askari wa barabarani. Alishamuuliza kama ana hasira naye, akatikisa kichwa, na mtu kutikisa kichwa si jibu. Miaka thelathini na sita alikuwa ameishi na mtu aliyemsemesha mpaka usingizini.

"Nimemwambia dada yangu anitayarishie chumba," mama alisema. "Jumamosi nakwenda. Wewe usimwambie mtu."

Fundi aliomba likizo siku ile ile. Jumatano alikuwa kwao.

Alhamisi asubuhi alikwenda kukaa kwenye kibanda cha baba yake, kwenye benchi la wateja, akijifanya anasoma gazeti. Hakuelewa alichokiona. Mikono ya kinyozi ilikuwa ile ile, myepesi, na macho yake yalimcheka kila aliyeingia. Lakini kisanduku kilikaa kimya kifuani. Mteja mmoja alisimulia habari ndefu ya shemeji yake aliyenunua kochi lisiloingia mlangoni, na Fundi aliona jinsi vidole vya baba yake vilivyomwasha kutaka kujibu. Vilikwenda kwenye vitufe, vikarudi. Mwishowe kisanduku kilisema, "Mlango mwingine." Kibanda kizima kikacheka, na kinyozi akasogea kwenye kioo, mahali ambapo chanuo la plastiki lilikuwa limebandikwa ukutani kwa gundi. Kwenye meno ya chanuo kulikuwa na kibanio cha nywele. Akakisogeza meno mawili.

Fundi aliweka gazeti chini. Alidhani ni hesabu ya wateja, lakini mteja alikuwa mmoja na meno yalikuwa mawili. Akangoja. Baba yake aliagiza, "Inama," kibanio kikasogea jino moja. Alisema, "Ime-kwisha," meno mawili. Ilipofika saa nane mchana kibanio kiligonga mwisho wa chanuo, na tangu hapo kinyozi hakutamka kitu, hata mtoto mdogo alipomuuliza kama mkasi unauma.

Wateja walipokwisha, Fundi alimuuliza anahesabu nini.

Baba yake alimtazama kwanza, akapima. Kisha akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Kuandika alijua vizuri, ila mkewe hasomi mwandiko bila miwani, na miwani yenyewe haionekani inapotakiwa. Tena alishasema zamani kwamba kumwandikia mke aliye chumba kimoja nawe ni kama kumtumia barua ya posta. Aliandika kwamba kisanduku kina maneno mia na ishirini kwa siku. Yakiisha kinanyamaza, mpaka kilale kwenye umeme usiku kucha kijae tena, kama tangi la maji. Chanuo lina meno sitini. Chanuo moja ni la mchana, la wateja. Chanuo la pili ni la jioni, la mama yenu. Ndiyo maana mchana hupunguza salamu na viungo vya maneno, apate kubakiza. "Ila mama yenu siku hizi analala mapema," aliandika, "na ya jana hayabaki."

Fundi aliyasoma maneno yale mara mbili. Mtu huyu alikuwa amekaa kimya mchana kutwa ili awe na la kumwambia mkewe jioni, na mkewe, kwa kuumizwa na kimya cha mchana, jioni alikuwa akimkimbia.

"Baba, kwa nini hukutwambia?"

Akaandika, bila haraka: "Mlihangaika sana. Nikisema kina kasoro mtajiona mmeshindwa. Na mia na ishirini si haba, nilikuwa sina hata moja."

Hapo ndipo Fundi alipoitoa siri ya mama yake. Alimwambia baba kwamba Jumamosi mama anahamia kwa dada yake, na sababu yake. Kinyozi alisimama akishikilia kiti cha kunyolea. Fundi akasema anakwenda nyumbani sasa hivi kumweleza mama kila kitu, lakini baba yake akamshika mkono. Akaandika kwa herufi kubwa: NITAMWAMBIA MWENYEWE. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole vipande vya maneno atakavyohitaji. Alihesabu, akarudia, akakaa chini. Havikutosha.

Fundi alikichukua kisanduku. Mezani jikoni alikichomeka kwenye kompyuta, akakiamuru kiseme neno moja mfululizo, naye akihesabu. Kisanduku kikaanza: chai, chai, chai. Mama alipita na kapu la nguo, akauliza kwa ukali hicho kinataka chai ngapi. Kwenye chai ya mia na ishirini kikakatika.

Ajabu ni kwamba Fundi alijua ugonjwa wenyewe kabla hata hajakifungua, na aibu ikamwasha masikio. Kisanduku kile kilikuwa na programu mbili ndani. Moja, yake yeye, ilisoma vitufe. Nyingine, ya Kitinda, ilitoa sauti. Yake ikitaka neno lisemwe iliita ya Kitinda, na kila ilipoita iliipa vigezo viwili: namba ya neno, na ukubwa wa sauti. Vigezo hivyo huwekwa kwenye kumbukumbu, mahali ambapo mafundi hupaita rundo, kimoja juu ya kingine kama sahani. Aliyeitwa anatazama sahani za juu, anafanya kazi, anarudi alikoitwa. Kisha lazima mtu aziondoe zile sahani. Nani? Huko kwenye lifti, desturi ni kwamba aliyeita ndiye aondoe. Kwenye mita za maji, huondoa aliyeitwa. Kitinda alifuata desturi ya lifti akaziacha, akijua dada yake ataziondoa. Fundi alifuata desturi ya mita akaziacha, akijua mdogo wake ameziondoa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa aliyefilisika alikuwa baba.

Kila neno alilosema mzee liliacha baiti nne, mbili kwa kila sahani, juu ya rundo. Baiti nne si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba usichotaka kijae: nafasi ilikuwa baiti mia nne na themanini, na ilipojaa kisanduku kilizimia. Wao wenyewe hawakuiona kasoro hiyo kwa sababu walijaribu maneno kumi, wakabadilisha kitu, wakawasha upya, wakajaribu kumi mengine. Hawakuwahi kukiacha kikaongea kama mtu anavyoongea. Na lililomuuma Fundi kuliko yote ni lile tangi la maji. Maneno hayakujazwa na usiku. Kisanduku kilijiwasha upya kila kilipochomekwa, basi. Baba yake angekichomeka na kukichomoa mchana, sekunde moja, angepata mia na ishirini nyingine, na nyingine, kutwa nzima.

Alimpigia Kitinda akamweleza.

"Dada, nimemnyamazisha baba," Kitinda alisema.

"Tumemnyamazisha."

"Miezi minne."

"Miezi minne, ndiyo. Usilie, sasa hivi hakusaidii."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa analia. Utotoni ugomvi wao mkubwa haukuwa wa nguo wala wa kitanda, ulikuwa wa sahani. Fundi alipika, akasema walao waoshe. Kitinda alikula, akasema mpishi aoshe vyake. Sahani zililala kwenye karai mpaka mama alipotoka na mwiko. Na kumbe wamekua, wamesoma, wamepata kazi za kuheshimika, na karai ni lile lile.

Walikata simu kila mmoja akiwa na dhambi yake shingoni, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Fundi aliketi, akaongeza mistari mitatu kwenye programu yake: kila baada ya kuita, ondoa vigezo vyote viwili. Huko mbali Kitinda naye hakwenda kazini Ijumaa asubuhi; alikaa kitandani na kompyuta, akaifanya programu yake iwe inaondoa vigezo vya watu kabla ya kurudi. Akaituma na neno moja: "Tayari." Fundi aliona ujumbe ule akadhani ni programu ile ile ya zamani iliyopangwa vizuri hapa na pale, akaitia kisandukuni bila kuisoma. Fundi wa kweli hafanyi hivyo. Lakini mkoba wa mama yake ulikuwa umeshafunguliwa juu ya kitanda, na kanga zilikuwa zinakunjwa.

Alikwenda kibandani karibu anakimbia. Hakujaribu kwanza, alitaka baba awe wa kwanza. Akamvisha kisanduku mbele ya wateja wawili, akamwambia hakina mwisho tena, aseme chochote.

Kinyozi alifikiri, akabonyeza. Kisanduku kikasema, "Asante." Kisha kikatoa mkwaruzo kama bati linaloburutwa, kikazimika. Akabonyeza tena. Kimya. Maneno mia na ishirini yalikuwa yamekuwa moja.

Fundi hakuthubutu kuinua uso. Alipoinua, alimkuta baba yake anamtazama bila lawama yoyote. Mzee alimpapasa bega mara mbili, kama alivyokuwa akimfanyia siku ya matokeo mabaya ya mtihani, akamwekea kisanduku kiganjani, akarudi kwa mteja wake.

Nyuma ya kibanda, karibu na pipa la nywele, Fundi alipiga simu.

"Kitinda. Ile uliyotuma, umefanya nini?"

"Nimesafisha. Nimeondoa vigezo kabla ya kurudi."

"Na mimi nimesafisha."

Sahani mbili zimewekwa, wanaondoa nne. Kisanduku kilikuwa kimeondoa, pamoja na sahani, mpaka karatasi ya chini yake iliyoandikwa kirudi wapi, na kikapotea njia. Halafu Kitinda akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka, na Fundi akacheka naye huku machozi yanamtoka, mpaka mteja mmoja akachungulia kuona kuna nini. Miaka yote ile hakuna aliyetaka kuosha, na siku waliyoosha wote wameivunja sahani.

"Acha yangu, toa yako," Kitinda alisema. "Niachie mimi nioshe safari hii."

Alimwachia. Alifuta mistari yake mitatu, pale pale kwenye benchi la wateja, kisha akaamuru chai. Kisanduku kikasema chai mia na ishirini, kikasema ya mia na ishirini na moja, na Fundi alikiacha kiendelee mpaka mia tano, huku wateja wakihesabu kwa sauti na mmoja akiuliza kama sukari ipo. Kinyozi alikuwa amesimama na mkasi hewani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukata hata unywele mmoja.

Jioni ile mama aliandaa chakula, wakala, akaanza kukusanya vyombo haraka haraka kama kawaida yake ya siku zile, apate kuingia chumbani. Mkoba ulikuwa umeshafungwa, umesimama kando ya mlango.

"Kaa," kisanduku kilisema.

Mama aligeuka na sinia mikononi, na uso wake Fundi aliuogopa. Lilikuwa neno moja tena, tena la amri. Lakini vidole vya kinyozi vilikuwa bado vinabonyeza, polepole, kimoja kimoja.

"Tafadhali," kisanduku kilisema. "Mke wangu. Na-ku-omba."

Mama hakukaa. Alisimama na sinia lake. Kinyozi akaanza kusema, na ile sauti ya vituo vituo ikapanda ngazi yake. Alisema hakuwa na hasira, hata siku moja. Alieleza habari ya mia na ishirini na habari ya chanuo, sitini za wateja na sitini za nyumbani. Alisema alikuwa akisema "maji" kwa sababu "naomba maji, mke wangu" lilikula vipande vitano, na vile vinne vilivyosalia alikuwa na kazi navyo jioni. Kati ya kipande na kipande kulikuwa na nafasi ya kupumua, na katika kila nafasi Fundi, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni, alikuwa akihesabu bila kutaka. Themanini. Tisini. Hakuogopa kisanduku, kisanduku alikwishakiamini. Aliogopa kwamba mama angeweka sinia chini na kuingia chumbani.

"Kila jioni ni-li-ku-ngoja hapa," kisanduku kilisema. "Nusu ya maneno haikuwa ya wateja. Nusu hiyo ilikuwa"

Kikakoma. Mia na ishirini. Fundi aliruka kutazama, kumbe taa ya kisanduku inawaka kama kawaida. Ni kidole cha baba yake kilichosimama, juu kidogo ya kitufe. Miezi minne ya kuhesabu haifutwi na chai mia tano. Mzee alikuwa amefika mwisho wa chanuo la pili, na kidole chake hakikujua kama kuna kitu ng'ambo.

Fundi alitaka kusema baba, bonyeza tu. Akajikaza kisabuni, akanyamaza, maana haikuwa zamu yake.

Mama aliweka sinia mezani.

"Ilikuwa ya nani?" aliuliza.

Kidole kikashuka.

"Yako," kisanduku kilisema.

Mama alivuta kiti, akakiweka karibu mpaka magoti yao yakagusana, akafuta macho kwa ncha ya kanga, na safari hii hakutaja moshi wala nini.

"Anza upya," alisema. "Mwanzoni sikusikia vizuri, nilikuwa nimekasirika."

Naye akaanza upya, tangu neno la kwanza.